Faini ya Elisante

Bwana Mhina alizikwa Tanga Jumatano iliyopita, na mimi nilifika watu wameshatoka makaburini, maana basi letu liliharibika Same na dereva akawa anatuambia "dakika kumi tu" kwa muda wa saa tatu. Nilikaa matangani siku mbili. Nilikula pilau na kina mama nisiowajua, na kila mara bintiye marehemu aliponitambulisha alisema, "Huyu ndiye yule mwandishi wa vitabu vya mapenzi. Baba ndiye aliyepanga herufi za kitabu chake cha kwanza." Kina mama walinitazama, kibibi cha miaka sabini na kitu, miwani minene, soksi za sufu katika joto lile la Tanga, kisha wakatazamana wakacheka kwa adabu. Nimezoea. Nimeandika riwaya kumi na moja za mapenzi, na hadi leo watu wakiniona wanatafuta mapenzi yenyewe nimeyaficha wapi. Bibi mmoja alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anayeuliza dawa, "Mwenzetu, mambo hayo nani alikufundisha?" Nikamjibu kwamba ni marehemu, kwa kuwa matanga si mahali pa maelezo marefu. Lakini nilimdanganya kidogo. Marehemu alinifundisha nusu. Nusu nyingine nilifundishwa na wazee wa mfereji wa kijijini kwetu, pamoja na mama yangu, katika mwaka ule wa njaa na unga wa njano wa msaada, nikiwa na miaka ishirini na miwili na kiburi cha watu kumi.

Nilikuwa msomaji wa prufu, kurasa za majaribio za kusahihishwa, katika kiwanda cha uchapaji cha Bwana Merali, mtaa wa pili kutoka hospitali ya Mawenzi. Neno kiwanda lisikudanganye. Kilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vifaa vya shule, chenye mashine mbili, moja ya kukanyagwa kwa mguu, na makasha ya herufi za risasi yaliyopangwa ukutani hadi juu. Kilinukia wino na mafuta ya taa, na dirisha likifunguliwa, kilinukia pilipili ambazo mke wa Bwana Merali alizianika uani. Bwana Mhina ndiye aliyekuwa mpanga herufi. Alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye vidole vyeusi visivyotakata hata siku ya Idi, na alisoma maandishi yaliyogeuzwa kinyume kwa wepesi kuliko mimi ninavyosoma yaliyonyooka. Tulichapa kadi za harusi, ratiba za ibada, risiti, na fomu za chama cha ushirika. Mchana tulikula pamoja juu ya meza ya chuma ya kupangia kurasa, tukiifunika kwanza kwa gazeti. Mimi nilileta ndizi na maharage kutoka chumba nilichopanga Shirimatunda, mama Merali alituletea chapati na dengu, na Bwana Mhina alileta ugali wa unga wa njano na malalamiko yake. "Huu si ugali," alikuwa akisema, "hii ni adhabu, na sijaambiwa kosa." Kisha anaumaliza wote.

Siku moja nilimpa madaftari manne. Nilikuwa nimeandika riwaya. Jina lake sitalitaja, bado naona haya. Ilikuwa ya msichana Salma na mpenzi wake, na yote yalitokea Tanga, kando ya bahari, kwa sababu niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mapenzi ya Kiswahili hutokea pwani. Nyimbo zote za redioni zilitoka huko. Kwetu mlimani Kiswahili kilikuwa cha shule, cha kanisa na cha mikutano ya balozi wa nyumba kumi. Cha mapenzi hakikuwapo, wala Kichagga chake sikuwahi kukisikia. Bahari nayo sikuwahi kuiona hata kwa mbali. Nilijua tu kwamba ni maji mengi, na maji nilidhani nayajua.

Bwana Mhina alisoma akila. Alipofika daftari la pili alianza kutikisika mabega. La tatu, machozi yalikuwa yakimtoka na tonge limeganda mkononi.

"Anasia mwanangu, huyu Salma anakaa Tanga?"

"Ndiyo, Bwana Mhina."

"Tanga yetu hii?"

"Ndiyo."

"Na kila asubuhi anateremka tambarare kukata majani ya ng'ombe, kisha anapanda nayo kichwani mpaka kwao. Kumbe Tanga ina mlima na mimi mwenyeji sijaambiwa!" Akafungua ukurasa mwingine. "Hapa mama mkwe kawapikia kiburu, ndizi na maharage za kwenu mlimani. Hapa wapenzi wamekaa ufukweni wanaota moto kwa baridi. Na hapa, Mungu anisamehe, Salma anachota maji ya bahari akapike chai."

Nilimpokonya madaftari. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto, nikamwambia kwamba yeye ni fundi wa risasi tu na vitabu avijue wapi. Sijivunii maneno hayo, na nilipokuwa nimeketi matangani wiki iliyopita yalinirudia. Yeye hakununa. Alifuta macho kwa kiganja, akabaki na alama ya wino shavuni, akaniuliza, "Kwenu hakuna watu wanaopendana?"

"Wapo."

"Basi?"

"Hawasemi."

"Haya, hawasemi. Wanafanya nini?"

Nilikuwa nimeishi mlimani miaka yangu yote na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Jumamosi ile nilipanda basi la Bomang'ombe, nikashuka njia panda ya Machame, nikapanda kwa miguu hadi kwa mama, na kwa mara ya kwanza maishani nikawatazama watu wa kwetu kama mtu anayesoma prufu, akitafuta kitu ambacho jicho la kawaida hukiruka.

Niseme kwanza habari ya maji, kwa asiyetoka mlimani. Maji yetu hutoka mtoni juu msituni, yakateremka kwa mifereji iliyochimbwa na mababu, ambayo kwa Kichagga tunaiita mifongo. Kila mfongo una wazee wake, na kila nyumba ina zamu: siku yako na saa yako unafungua maji yaingie kihamba chako, shamba linalozunguka nyumba, yanywe migomba na kahawa, na saa ikiisha unaziba ili yamfuate mwenzako wa chini. Siku ya kusafisha mfongo, kila nyumba hutoa mtu. Anayekosa hupigwa faini ya pombe ya mbege, na anayeiba zamu ya mwenzake, huyo husimamishwa mbele za watu. Zamu yetu ilikuwa Jumamosi. Nikiwa nimeshika jembe nikingoja saa yetu ifike, nilimwona kijana mmoja wa jirani akiwa na nusu saa nzima ya maji yake iliyobaki. Badala ya kuyamaliza, aliziba upande wake na kumfungulia binti wa nyumba ya chini. Hakumwambia neno. Binti naye hakushukuru, aliinama tu akaanza kuyaongoza maji kwa jembe, na kijana akasimama pale akijifanya anakwangua tope kwenye viatu. Alikwangua nusu saa nzima. Viatu vyenyewe vilikuwa malapa ya tairi.

Niliandika upya riwaya nzima kwa miezi minne. Salma akawa Ruthi. Mpenzi wake nikamwita Elisante, kijana aliyefiwa na mama, anayekaa peke yake na ng'ombe wawili. Niliiita *Maji ya Jumamosi*. Katika sura ya sita wanabusiana migombani. Katika sura ya saba, miche ya kahawa ya mama yake Ruthi inakauka, na Elisante anakwenda kuziba maji ya jirani, saa ambayo si yake, akayageuza yote yaende kwa Ruthi. Kijana niliyemwona alitoa maji yake mwenyewe, lakini mimi niliona haitoshi, nikanogesha. Bwana Mhina aliisoma kimya siku tatu. Siku ya nne alifunga daftari, akanawa mikono, ingawa wino haukutoka, akasema, "Hii nitaipanga." Katika maisha yangu nimesifiwa na watu wenye shahada, na hakuna sifa iliyonipa furaha kama maneno yale mawili. Nilitoka uani nikasimama kati ya pilipili nikalia kidogo, nikasingizia pilipili.

Alianza kupanga katika saa zake za mapumziko, akatoa prufu. Kazi ikawa kwa Bwana Merali, mwenye karatasi. Yeye alikuwa mtu wa kufikiri polepole, kalamu sikioni.

"Karatasi siku hizi ngumu kuliko mchele," alisema. "Iko kidogo imebaki, nangoja fomu za msimu wa kahawa. Kabla ya fomu kuingia naweza kuchapa kitabu chako. Lakini mtu wa serikali akija akiuliza, Merali, hiki kinajenga taifa namna gani, mimi nasema nini?"

"Mwambie kinajenga ndoa," Bwana Mhina alidakia kutoka kwenye makasha yake.

Bwana Merali hakucheka. Alikuwa akitazama ukurasa wa jalada. "Na huyu Binti Mlima ni nani?"

"Ni mimi, mzee. Ni jina la kalamu."

"Hapana. Kitabu kisicho na mwenyewe sichapi. Andika jina lako na la baba yako, kama kwenye kadi ya harusi. Hutaki, basi, tubaki marafiki."

Hapo maji yakanifika shingoni. Baba alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, akiwa mzee wa usharika. Mama alikuwa kiongozi wa kwaya ya kina mama. Na mimi niliombwa nilibandike jina la baba juu ya kitabu chenye busu, kitabu ambacho kingeuzwa dukani, mbele ya kituo cha mabasi, kwa yeyote. Usidhani ni jambo dogo. Wakati ule msichana aliweza kutengwa na meza ya Bwana kwa mengi madogo kuliko hilo, na mama yake akaketi benchi la nyuma pamoja naye. Nilikitaka kitabu kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu, lakini sikutaka kukipata kisha nikose pa kurudi. Mwishowe nilifanya la mwoga: Ijumaa moja nilimpelekea mama prufu zote zikiwa zimefungwa kwa uzi, nikamwambia azisome, nikakimbilia mjini kabla hajafungua fundo.

Wiki iliyofuata nilirudi. Nilipita njia ya migombani badala ya njia kubwa, na kabla sijafika uani nikasikia sauti ya mama Ndelilio, jirani yetu, akisoma kwa sauti kubwa ya kusomea nyaraka za kanisa. Nilichungulia. Kina mama sita walikuwa wamezunguka kichanja wakichambua kahawa, na prufu zangu zilikuwa magotini mwa mama Ndelilio. Mama hakuzisoma peke yake. Alikuwa ameitisha kijiji! Walikuwa sura ya sita.

"'Elisante akamvuta karibu,'" alisoma mama Ndelilio, "'akambusu.'"

Punje za kahawa zilisikika zikidondoka kwenye ungo. Mtu mmoja alikohoa.

"Endelea," alisema mama. "Kahawa haijichambui."

Mama Ndelilio akaendelea hadi sura ya saba. Alipofika pale Elisante anapoziba maji ya jirani, mikono yote ilisimama.

"Hee! Saa ngapi hiyo?"

"Saa nne, imeandikwa."

"Zamu ya nani?"

"Ya jirani."

"Mwizi!" alipiga kelele mama mmoja, mpole kuliko wote kanisani. "Mwizi wa maji mkubwa! Na huyo Ruthi anayapokea?"

"Anayapokea anatabasamu."

"Maskini jirani wa watu, na ukame huu."

Nilikuwa nimejiandaa miezi kwa ajili ya busu. Nilikuwa na majibu, hata mistari ya Biblia. Kuhusu maji sikuwa na hata neno moja. Na kufikia jioni habari ilikuwa imepanda mlima na kushuka: binti wa marehemu Elirehema ameandika kitabu cha kusifu wizi wa maji.

Jumapili baada ya ibada niliitwa barazani pa ghala la kahawa. Wazee watatu wa mfongo walikuwa wameketi kwenye benchi, na katikati yao Mzee Ndesario, mwenyekiti wao, aliyekuwa na koti la kijivu na jicho moja lenye ukungu. Kina mama wa kwaya walisimama pembeni, mama akiwa miongoni mwao. Nilisema, "Shikamooni," na sauti ikanitoka nyembamba.

"Marahaba. Mwanangu, huyu Elisante alipewa maji na nani?"

"Mzee, Elisante si mtu wa kweli. Nimemtunga."

"Nimeambiwa. Nakuuliza, ulimtungia ruhusa?"

"Hapana."

"Na baadaye akafanywa nini?"

"Baadaye... wakaoana."

Wazee walitazamana kwa huzuni kubwa. "Unaona," alisema Mzee Ndesario, si kwa ukali, ila kama mwalimu. "Watoto wetu watasoma. Watajifunza kwamba mtu anaweza kuziba maji ya mwenzake, na malipo yake ni mke. Mfongo huu una miaka mingi kuliko kanisa lile. Umeishi kwa sababu hakuna aliyeiba akaachwa. Hatukukatazi kitabu. Mambo ya migombani hayo ni yako na mchungaji. Lakini Elisante alipe faini."

"Alipe vipi, mzee, naye hayupo?"

"Alipe humo humo kitabuni. Madebe mawili ya mbege, mbele za watu, na siku ya kusafisha mfongo awe wa kwanza kushika jembe."

Ningeweza kucheka. Namshukuru Mungu sikucheka, kwa sababu wakati huo mama aliuliza kutoka pembeni, bila kunyanyua mkono wala nini, "Na hiyo pombe nani atampikia?"

Watu wakageuka. Kwetu mbege hupikwa na wanawake. Ndizi zivundikwe, zichemshwe, ulezi uoteshwe, usagwe. Ni kazi ya zaidi ya wiki, na mwanamume hajui inaanzia wapi. Faini ya mwanamume, pombe yake hupikwa na mama yake, au na mkewe.

"Mama yake amekufa," aliendelea mama. "Sura ya pili. Dada hana. Mke hana."

Kisha mama Ndelilio akasema taratibu, kama aliyeona kitu kikija kwa mbali, "Atapika Ruthi."

"Mbele za watu wote?" aliuliza mwingine.

"Mbele za watu wote. Na mahari haijatolewa."

Kina mama waliguna pamoja, mguno mrefu wa chini, ambao sura yangu ya sita haikuwa imeupata. Maana kila aliyekuwa pale alijua. Msichana akipika pombe ya faini ya mwanamume, amekwisha kusema kila kitu, wala hawezi kukirudisha. Mzee Ndesario alimtazama mama kwa lile jicho lake zima, akaanza kucheka bila sauti. "Mae," alimwambia, yaani mama kwa Kichagga, "wewe jambo hili unalijua."

Mama aliinamisha uso. Mama yangu, kiongozi wa kwaya, alikuwa ameona haya kama mwari.

Tulirudi nyumbani pamoja kwa njia ya mferejini. Njiani aliniambia kwamba baba, kabla ya kumchumbia, alipitiwa na usingizi siku ya zamu yake, maji yakapotea usiku kucha, na wazee wakampiga faini. Mama yake baba alikuwa mgonjwa. "Nikapika mimi," alisema. "Nikaibeba mwenyewe hadi mbele ya wazee. Babu yako hakusema nami mwezi mzima."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Ulikwenda kuuliza bahari."

Tulitembea tena kidogo. Nilijikaza nikasema, "Mama, mchapaji anataka jina langu. Na la baba."

"Liweke."

"Kuna busu, mama."

"Nimeliona. Lilikuwa fupi."

Niliandika sura ya faini kwa siku sita, na sijawahi kuandika hivyo tena, ingawa nimejaribu riwaya kumi. Ruthi anapita njia kubwa, Jumapili watu wakitoka kanisani, chungu kichwani, bila kitambaa cha kufunika uso, na hasemi neno moja la mapenzi kutoka mwanzo wa sura hadi mwisho. Bwana Mhina aliipanga bila utani hata mmoja, nami nikajua ni nzuri. Bwana Merali aliisoma mara mbili, akatoa kalamu sikioni. "Faini, kazi ya pamoja, maji ya wote," alisema. "Hii Ujamaa kabisa! Mtu wa serikali aje tu." Kitabu kilitoka siku tisa kabla ya fomu za kahawa kuingia. Jina langu na la baba yalikuwa juu, kwa herufi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo Bwana Mhina kwenye makasha yake, zile ambazo kawaida alizitumia kwa mabango ya mikutano ya hadhara.

Mama alipeleka nakala moja kwa Mzee Ndesario, naye akaamuru sura ile isomwe siku ya kusafisha mfongo, kabla watu hawajashika majembe. Mama Ndelilio alisoma, amesimama juu ya jiwe, maji yamefungwa huko juu na mfereji uko mkavu. Watu kama sitini walisikiliza, wanaume wakiwa wameegemea majembe yao. Alipomaliza, Mzee Ndesario alivua kofia. "Faini imepokelewa," alisema. "Elisante hana kosa tena katika mfongo huu. Arudishiwe zamu yake." Kisha akauliza, kama desturi inavyotaka, ni nani aliyesimama badala yake. Mama ndiye aliyejibu. Alilitaja jina langu, akalitaja na la baba, kwa sauti ile ile aliyotumia kutangaza nambari za nyimbo kanisani, na watu wakasema, "Haya, tumesikia," wakashuka mferejini kuanza kazi. Mama alinipa jembe. Aliniambia pembeni kwamba ulezi niliompa Ruthi ni mchache, mbege ile ingekuwa maji matupu, na kitabu kikichapwa tena nirekebishe.

Kilichapwa tena mwaka uliofuata. Niliongeza ulezi.